Maelezo ya Oddmund Skjelbreid kuhusu kifo cha Asbjørn Lid kwenye banio la maji

Jina: Oddmund Skjelbreid. Umri: miaka 79. Kazi: mfugaji mstaafu, ingawa kondoo hawajaarifiwa. Makazi: bonde la Skjelbreid, Norway.

Mnamo tarehe 14 Novemba, saa tatu asubuhi, nilikwenda kwenye nyumba ya mtambo pamoja na jirani yangu Asbjørn Lid. Kijito ni chetu sote wawili; mtambo tumeikodisha kampuni ya mjini. Umeme ulikuwa umepungua. Si uchawi: maji hukingwa juu kwenye banio, hushuka mlimani kwa bomba, hupiga gurudumu la chuma, nalo huzungusha jenereta. Majani yakiziba wavu wa banio, gurudumu huzubaa kama mkwe wangu akiitwa kupasua kuni.

Asbjørn alifunga koki ya bomba, akatundika koti lake juu yake. Bondeni kwetu, koti likiwa kwenye koki, kuna mtu majini. Hata mwehu haligusi. Lakini tangu mwaka jana koki hufunguliwa pia kwa kompyuta kutoka mjini.

Nikamwambia, "Wapigie wale vijana wa kampuni kwanza."

Akanijibu, "Tangu lini koti linahitaji mkalimani? Kaa hapo na mguu wako mbovu."

Akapanda na reki yake kusafisha wavu. Baadaye kidogo koki ikaanza kuzunguka yenyewe, koti likizunguka nayo. Niliishika kwa mikono miwili, ikanishinda. Nikapiga simu kampuni.

"Huku tunaona kila kitu kiko sawa, mzee."

"Kuna mtu wangu juu! Funga!"

"Subiri, nimuulize msimamizi."

Walipofunga, nilipanda. Maji yaliyovutwa na bomba yalikuwa yamembana Asbjørn kwenye wavu, kichwa chini. Reki bado ilikuwa mkononi.

Sasa nasikia kampuni inasema alikuwa amelewa, kwa kuwa ninyi polisi mlikuta chupa ya pombe mlangoni pa nyumba ya mtambo. Mjane wake Borghild ameambiwa hivyo jikoni kwake, na watu waliovaa tai. Chupa ile ni yangu. Nilitia kidogo kwenye kahawa yangu, nikamkaribisha, akakataa: "Huko juu kunateleza hata kwa mlokole."

Afisa Ingvild, anayeandika haya, ameniambia, "Mzee, ukisema hivyo watakugeukia wewe."

Nimemwambia, "Wanigeukie, binti. Mimi bado nina mdomo. Andika."

Hapo ndipo ninapokomea. Nimesomewa, ni maneno yangu.

(Sahihi) O. Skjelbreid

Maelezo ya afisa: Shahidi ameitambua chupa. Ameomba apimwe pumzi kabla ya kutia sahihi, akisema ndilo swali la kwanza watakalouliza. Amepimwa. Hana kilevi.