Pazia la Pili

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima. Leo tumepaka rangi nyumba ya vyumba vitano, anaishi mtu mmoja na paka wake.

Mimi bado nahangaika. Dalali kanionyesha chumba na sebule: nilipoingia sebuleni, mlango ukakosa pa kufungukia. Mahali pengine ni pazuri, ila wanataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nikamwomba anitafutie pa watu wa kipato chetu, akacheka mpaka akakohoa.

Lakini tangu ulipoanguka uani sina amani. Utakuja, na utakuwa na chumba chako. Siwezi kukulaza chumba kimoja na dume zima lenye ndevu.

Mwanao,
Fundi Rangi

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba, baba. Goti lipo, linanung'unika kama mwenye nyumba. Ukipata, nipimie madirisha, langu na lako, nishone mapazia. Cherehani nakuja nayo, usianze kelele.

Mama yako

9 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Nimepata! Vyumba viwili, chini kabisa, hupandi ngazi hata moja. Dirisha ni futi nne kwa tatu. Njoo mwisho wa mwezi.

Mwanao,
Fundi Rangi

18 Mei

Mwanangu,

Marahaba. U mzima? Unakula?

Nilikuomba madirisha mawili, umenipa moja. Wewe tangu utotoni unasahau kula, unasahau kufua, lakini kipimo hujawahi kusahau hata siku moja. Ni chumba kimoja, sivyo?

Sijakasirika. Nimelia kidogo, kisha nikatunga uzi. Nimeshona mapazia mawili: dogo la dirishani, na kubwa, zito, la kugawa chumba. Upande wa dirisha ni wangu, mimi ndiye mgonjwa. Ukitaka kuja kwangu, piga hodi. Ukikoroma, nitakuchapa na fimbo yangu.

Mama yako

25 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya ngazi ya kazini, nikashindwa kushuka. Ni kimoja, mama. Niliona aibu.

Waya nimeshaufunga katikati, ukuta kwa ukuta, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, haulegei. Upande wako nimeupaka rangi mara mbili. Jana nilisimama mbele ya waya, nikapiga hodi kujaribu. Kimya.

Njoo uniitikie.

Mwanao