Roboti Iliyofanya Kazi Hadi Amen

Adongo, uko? Mzee Bethwel, bosi wetu, amenimaliza leo.

Zile roboti mbili za kupanga kreti za maziwa, si nimezilinganisha wiki tatu? Leo ndio madirector walikuja kuziona zikifanya kazi, wachague moja.

Mzee akasema tuanze na maombi. Nikafunga macho kama kila mtu. SIKUZIZIMA.

Nikachungulia: Mzee akainua mikono, ile ya manjano ikamgusa. Ikasimama hapo hapo, vile imetengenezwa ifanye ikigusa mtu. Ile ya bluu ikamgonga Okumu wa stoo begani hadi akayumba, na ikaendelea tu kupanga kreti!

Nikasema moyoni, asante Mungu, hata sihitaji kueleza ipi ni salama.

Mzee kufungua macho: "Hii ya manjano ni mvivu, imesimama saa ya kazi. Ile ya bluu imechapa kazi hadi Amen."

HADI AMEN, Adongo!

Nikamwambia imegonga mtu. "Kwani Okumu amekufa?" Wote wakacheka. Hata Okumu.

Wamechukua ya bluu. Jumatatu inafungwa ianze kazi, na Okumu ndiye atasimama kando yake.

Saa hii amenifuata nje, ameshika bega. "Madam, kwa hivyo Jumatatu tukiomba, nisifunge macho?"