Mashine Ilisema Imetumwa

Doto wangu, uliyenifuata kuzaliwa ukanitangulia kuondoka,

Nakuandikia nikiwa mezani kwako, hapa Itetemia. Leo Jumapili, mama ameenda kanisani peke yake. Nilimwambia kichwa kinaniuma. Akaniangalia kidogo, akajifunga khanga, akatoka. Anajua si kichwa.

Kuna jambo nimelifanya, Doto. Nimelifanya kwa mikono yangu, kisha nikakusingizia wewe. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia pale tulipokuwa bado tunacheka.

Unakumbuka mama alivyowatangazia majirani? Ulirudi kutoka chuo Dar, ukamwambia unaandika dreva ya kadi ya mtandao. Yeye akasikia udereva. Wiki ile ile baba mdogo akaja kutoka Puge kukuomba gari la kubebea tumbaku yake. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, halafu ukamkalisha ukamweleza taratibu: "Baba, ndani ya mashine kuna kadi inayopeleka ujumbe hewani. Hiyo kadi yenyewe haijui kitu. Lazima iwepo programu ya kuiambia amka, lala, beba hiki, peleka kule. Programu hiyo ndiyo dreva." Baba mdogo akafikiri weee, kisha akauliza, "Kwa hiyo gari hakuna?"

Gari halikuwepo, lakini mashine ulizitengeneza. Ya kwanza tuliifunga kwenye zahanati ya kijijini kwetu, kule mbele ya Puge, ambako simu hushika ukipanda kichuguu cha nyuma ya shule, na mvua ikinyesha haishiki hata ukipanda. Ulikuwa umetoka wodini siku chache tu. Selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, ilikuwa imekubana wiki nzima, viungo vinakuuma hata shuka likikugusa, na bado ukasema tusisubiri. Mimi nikapanda mlingoti kufunga antena na gauni langu la ualimu, wewe ukakaa chini kwenye kigoda unaniamrisha. Nusu ya kijiji ilikuja kutazama mwalimu wa hesabu akiwa juu ya nguzo. Nesi Skola, yule muuguzi pekee wa pale, akaandika ujumbe wa kwanza kwenda hospitali kubwa, ambako mashine mwenzake ilikuwa inasubiri: "Habari za huko?" Tukangoja. Jibu likaja: "Nzuri. Nani mwenzangu?" Watu wakapiga vigelegele kama wamemwona bibi harusi.

Betri ndiyo iliyokusumbua. Paneli ya zahanati ni ndogo, na umeme ule ule unalinda jokofu la chanjo na taa ya chumba cha kuzalia. Ukaamua mashine iwe inalala, muuguzi akibonyeza iamke. Ukatumia miezi kwenye hilo. Kulala ilikuwa rahisi, kuamka ndiko kulikokataa. Nakukumbuka wodini, vidole vimevimba, unanitajia mistari mimi naandika. "Kulwa, kuilaza hata mtoto anaweza. Kazi ni ikiamka iwe yenyewe." Nilikuwa naandika vitu nisivyovielewa, nawe ulinisahihisha ukiwa umefumba macho. Siku ilipokubali uliomba soda. Mama alikununulia mbili.

Ulipotuacha, watu walinipa pole, halafu wakanipa mashine. Nani mwingine? Nesi Skola alinipigia simu kutoka kwenye kichuguu, akaniambia, "Mwalimu, sasa wewe ndiye Doto." Nilijibu ndiyo. Nilitaka sana kuwa wewe, angalau kidogo, maana sikujua kuwa nani mwingine baada ya kukuzika.

Sasa nisikilize.

Nesi Skola alikuwa na lalamiko moja. Mashine ikiamka inachelewa karibu nusu dakika ndipo ikubali kutuma. "Inapiga miayo kwanza," alisema. Nikafungua kazi yako. Nikaona kwamba kila mashine ikiamka, dreva yako inarudia yale yote inayofanya inapowashwa mara ya kwanza: inaizindua kadi, inaipakia upya programu yake, inaipangia foleni ya ujumbe upya, inasubiri ijibu. Yote, toka mwanzo. Mimi mwalimu wa hesabu, nikiona hatua imerudiwa naipiga mstari. Hukuwa umeandika neno hata moja pembeni kueleza kwa nini. Ni mara ngapi nilikuambia uandike maelezo? "Nitakumbuka," ulikuwa unasema. "Mimi si nipo?"

Nikaifuta mistari ile. Nikailaza mashine hapa mezani dakika moja, nikaiamsha, nikatuma ujumbe kwa mashine nyingine niliyoiweka kando, ukafika. Nikarudia hivyo asubuhi nzima, na kila mara ulifika. Ikawa inaamka papo hapo. Nilifurahi, Doto. Nilikwenda kaburini kwako kukueleza. Nikapanda basi la Nzega nikaiweka dreva mpya kwenye mashine ya kijijini, Nesi Skola akanikumbatia.

Wiki ile ilikuwa ya chanjo, mashine haikupata nafasi ya kulala sana. Jioni Nesi Skola aliizima kabisa, asubuhi aliiwasha upya, na ikiwashwa upya kila kitu kinafanyika. Kwa hiyo hakuna aliyeona kitu. Kisha ikaja siku ya mvua kubwa. Hakuna mgonjwa aliyetoka nyumbani, na mashine ikalala tangu asubuhi. Saa nane mchana Masanja akamleta mkewe, Nyamizi, akiwa na uchungu na damu inatoka. Ilikuwa mimba yake ya kwanza.

Nesi Skola akabonyeza, mashine ikaamka papo hapo. Akaandika: "Mama mjamzito, damu nyingi, tumeni gari sasa hivi." Mashine ikasema: Imetumwa.

Alisubiri. Majibu yalizoea kuchelewa, kule hospitali huandaa gari kwanza ndipo wajibu. Akamwambia Nyamizi, "Vumilia mama, gari linakuja." Saa moja ikapita. Akatuma tena. Imetumwa. Masanja alisimama barabarani kwenye mvua, akitazama upande wa Puge. Mwishowe akaazima pikipiki. Walimkalisha Nyamizi katikati, Nesi Skola nyuma amemshikilia, barabara yote matope, mpaka wakapata lori lililowafikisha hospitali. Kule walishangaa. Hawakuwa wamepokea kitu siku nzima.

Nyamizi alipona. Mtoto wa kiume alizaliwa hana pumzi.

Nilipofika msibani Nesi Skola alinivuta kando. Macho yamemwiva kwa kulia. "Mwalimu, mashine ilisema imetumwa. Niliisoma mara mbili. Mimi nimekosea wapi?"

Na mimi, Doto, mimi niliyekubeba mgongoni kutoka shule ulipozidiwa, mimi niliyekufumba macho, nilimjibu: "Hujakosea. Litakuwa kosa la marehemu kwenye dreva. Nitalitafuta."

Lilinitoka tu. Sikujua kama ni uongo. Lakini sikujiuliza pia.

Maneno kule hayakai mahali pamoja. Kabla wiki haijaisha wakulima wa Bukene walikuwa wanasema ile mashine ya kijana aliyekufa imeua mtoto. Mama aliyasikia mlangoni mwa kanisa. Alirudi akakaa jikoni, hakuwasha moto. "Doto alikuwa makini," aliniambia. "Hata viatu alikuwa anavipanga." Nikamwambia, "Mama, hata mtu makini hukosea." Nilimwambia hivyo mama yako, siku ambayo sikuwa nimekagua mstari wangu hata mmoja.

Nikakutafuta wewe kwenye ile dreva majuma matatu. Nikitoka darasani nakaa hapa mpaka mama ananiita kula, siendi. Nilikulaza na kukuamsha mara nyingi mpaka nikaanza kuzungumza na mashine kwa sauti. Kila nikiilaza dakika tano inaamka vizuri na ujumbe unafika. Nikakutukana. Nilisema uliharakisha, uliondoka ukaniachia takataka zako nizizoe. Samahani. Wanafunzi wangu waliniuliza mwalimu unaumwa? Nilikuwa nasimama ubaoni nasahau swali nililoliandika ni la nini.

Siku moja niliilaza mashine asubuhi, nikaitwa shuleni kusimamia mtihani, nikarudi jioni. Nikabonyeza nikiwa bado na mkoba begani. Ikaamka. Nikatuma. Imetumwa. Nikageukia mashine ya pili, inayopokea. Tupu. Nikatuma tena. Imetumwa. Tupu. Taa ya kadi inawaka, kijani, inanitazama.

Nilikaa chini sakafuni. Wakati huo ndipo nilipoenda kwenye kompyuta yako kuchukua nakala yako ya zamani, nikaziweka mbili sambamba, yako na yangu.

Ulipanga hivi: mashine ikilala muda mfupi, kadi inaachiwa umeme kidogo, haisahau kitu. Ikilala muda mrefu, umeme wa kadi unakatwa kabisa ili kulinda betri, na kadi inasahau yote. Ndiyo maana ulikuwa unaifundisha upya kila ikiamka. Ile nusu dakika ilikuwa ya kuikumbusha. Nilipofuta mistari yako, dreva ikawa inakabidhi ujumbe kwa kadi isiyojua hata kwamba ni kadi. Na mashine, kwa kuwa ujumbe umeshakabidhiwa, inasema imetumwa. Hakuna aliyeubeba.

Kosa halikuwa lako. Lilikuwa langu lote, mistari kumi na miwili.

Mama alinikuta pale sakafuni. Nikamwambia, "Si Doto. Ni mimi." Akasema akiwa mlangoni, "Uliowaambia ni Doto, kawaambie ni nani." Hakunishika. Alikwenda kuteka maji.

Niliirudisha mistari yako kama ulivyoiacha, na pembeni nimeandika kwa herufi kubwa kwa nini isiguswe. Nikabadilisha na jambo lingine ambalo wote wawili hatukulifikiria. Sasa mashine inasema "Inasubiri" mpaka mashine ya hospitali ijibu kwamba imeupata ujumbe. Haisemi imetumwa kabla. Nikailaza kutwa nzima, siku nne mfululizo, na kila jioni ujumbe ulifika. Sikufurahi hata mara moja.

Nikaenda. Nilipita hospitali kuirekebisha mashine ya kule, kisha asubuhi nikafika kwa Nesi Skola, nikairekebisha yake nikailaza. Nikamwomba aite watu waliosikia, akaita mwenyekiti wa kijiji na akina mama wa kamati, nikasema mbele yao: Doto aliitengeneza sawasawa, mimi ndiye niliyeiharibu, na nilipoulizwa nikamtaja yeye. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Basi marehemu asamehewe." Nikamwambia hana la kusamehewa.

Kisha nikaenda kwa Nyamizi. Nilimkuta anapepeta mpunga uani, Masanja anatengeneza mpini wa jembe. Waliniamkia, "Shikamoo mwalimu," nami sikuweza kusema marahaba. Niliwaeleza yote nikiwa nimesimama. Masanja aliweka jembe chini, akaondoka kuelekea shambani bila kugeuka. Nyamizi aliendelea kupepeta. Nikadhani hakunisikia.

"Kwa hiyo siku ile," akasema, "nilipokuwa naambiwa gari linakuja, hakuna aliyekuwa anajua?"

"Hakuna aliyekuwa anajua."

"Mama mkwe, aliyekuja nasi, alisema tukaazime pikipiki mapema. Mimi ndiye niliyekataa." Sasa aliacha kupepeta. "Nilisema tusubiri, gari limeshaitwa."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nakuuliza kweli. Nimejaribu kukuwazia ukiwa umesimama pale badala yangu, na kila mara nakuona umenyamaza vilevile.

Akainuka, akajipangusa makapi, akasema, "Nionyeshe."

Tulitembea mpaka zahanati. Mashine ilikuwa imelala tangu asubuhi. Nyamizi akabonyeza mwenyewe. Nusu dakika ile, Doto. Nesi Skola alishika ukingo wa meza. Ilipokuwa tayari, Nyamizi akamwambia aandike: "Mimi ni Nyamizi. Je, mnanisikia?" Kwenye kioo ikatokea Inasubiri. Kisha ikabadilika kuwa Imetumwa. Na baada ya kitambo jibu likaja: "Tunakusikia mama. Una shida gani?"

Alilisoma polepole, midomo ikicheza. Akalisoma tena. Hakulia. Nesi Skola ndiye aliyelia.

Tulipotoka nje akanigeukia. "Mashine nimeiona. Iache hapa, wengine wanaihitaji. Lakini wewe usije kwangu mpaka nikuite."

Hajaniita.

Nimekuandikia haya kwa sababu jina lako nimeshalirudisha kwa watu, ila kwako mwenyewe nilikuwa sijasema. Nisamehe kwa kukutupia mzigo ukiwa huwezi kujitetea. Juma lijalo nazungukia zahanati nyingine zote, nakagua kila mashine, na kila muuguzi nitamweleza kilichotokea na nani aliyekifanya. Baada ya hapo sijui. Mama amerudi, nasikia anamsalimia jirani. Nitaenda kumpokea kitabu chake cha nyimbo.

Nimebaki bila wewe, na bila kisingizio,

Kulwa, pacha wako.