Droo Chini ya Ngazi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua tena. Simu za watu nimezifunika kwa koti langu, mimi nimelowa chapachapa. Fundi wa duka la simu ambaye hajawahi kuingia duka la simu! Ngazi zenyewe mbili tu, lakini kiti changu cha magurudumu hakijui kuruka. Nakaa nje ukutani, kazi naletewa dirishani kama mfungwa.

Leo mwenye duka kanitamkia wazi. Meza ya ndani ni yangu, ila hataki watu wanibebe kila asubuhi — mmoja akiteleza, lawama ni zake. Jumatatu ijayo nisipoingia mwenyewe, anampa fundi mwingine. Kumwaga zege mlangoni? Haiwezekani, litaziba njia ya waenda kwa miguu, manispaa watalivunja.

Nimerudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Kaka alikuwa anagombana na droo ya kabati iliyokwama. Ikachomoka ghafla, nusura imwangushe. Tukatazamana.

Droo!

Jumatano, 6 Machi

Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma, akishika wazo haliachi. Ngazi za duka ni za mbao, chini yake patupu. Ametengeneza sahani mbili za chuma zinazoingiana, zenye vijigurudumu. Navuta kamba, zinatoka na kulala juu ya ngazi kama mteremko. Nikishafika juu navuta kamba ya pili, zinarudi ndani. Njia ya watu iko huru. Wifi anasema tangu aolewe hajamwona mumewe na furaha hivi.

Ijumaa, 8 Machi

Majaribio uani, kwenye ngazi za mfano. Kaka kanisukuma, tukapanda raha mustarehe. Vigelegele! Nikamwambia, sasa niachie.

Nikajisukuma, nikarudi kinyumenyume. Tena. Vidole vikachunika kwenye kingo za pembeni. Kumbe kila kipimo amekichukua akiwa nyuma ya kiti! Tangu utotoni ndiye anayenisukuma, basi katengeneza njia ya msukumaji. Mimi mwenye mikono kanisahau kabisa. Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

Nikamwambia akae yeye kwenye kiti, apande. Akakwama katikati, jasho linamtoka. Mikono inauma, akasema. Karibu sana, nikamjibu.

Jumapili, 10 Machi

Kaka kaongeza sahani ya tatu, mteremko umelala zaidi. Kingo kazishusha, vidole vinapita. Kila kitu kakijaribu mwenyewe, kakaa kitini. Majirani wakauliza kwa hofu kama kaumia. Wifi akawajibu kaumia kichwani tu.

Nina woga.

Jumatatu, 11 Machi

NIMEINGIA!

Lakini mara mbili. Nilivuta kamba, sahani zikatoka kwa kishindo, mtaa mzima ukageuka. Nikaanza kupanda. Katikati — kiti kikaruka mbele chenyewe! Mpita njia mmoja kashika vishikio vya nyuma, kanisukuma mpaka ndani. Pole dada, anasema, nimeona unateseka. Watu wakapiga makofi. Wakampigia yeye!

Mwenye duka akanikaribisha, machozi yanamlengalenga. Bado, nikasema. Nikageuza kiti, nikashuka hadi chini kabisa, nikaanza upya. Yule bwana alitaka kuja tena, kaka akamzuia kwa mkono. Sukuma. Pumua. Sukuma. Nikavuka kizingiti kwa mikono yangu hii! Nikavuta kamba, droo ikajifunga nyuma yangu. Nilipiga kelele kama mwehu, sijali.

Hadi mchana kinyozi na mwenye duka la dawa walikuwa wamepiga magoti barazani, wanachungulia chini ya ngazi. Wote wawili wanataka. Kaka anaringa sasa, huwezi kumsemesha.

Jioni nikamwomba kitu kimoja: avikate vishikio vya nyuma. Akadhani natania. Alivichomelea mwenyewe tukiwa bado vijana, akavizungushia mpira visimteleze.

— Na ukichoka?

— Nitakuita.

— Basi nivifunge kwa skrubu, siku ukivihitaji…

— Kata, kaka.

Niko kwenye kochi, kiti anacho kaka uani. Nasikia mashine ya kukatia. Imewaka. Imezimika. Wifi anamwambia kitu taratibu, sikisikii.

Imewaka tena —