Bibi Harusi Asiye na Mwanya

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu nikiwa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu hapa Katuba, mahali pekee ambapo hasira yangu inapata hewa. Goti lako linaendeleaje? Mpunga umeshatoka shambani, au ndege wamechukua fungu lao kama kawaida? Mimi ni mzima, mume wangu Idrisa ni mzima, na mama yake ni mzima kutupita sote. Lakini nina jambo rohoni ambalo halifai kupita kwenye simu ya kaka Sadiki, maana ukiongea na simu ile Kasongo nzima inasikiliza. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Yule mama muuza vitenge anayesafiri kuja huko atakupa barua hii mkononi.

Ni kuhusu picha ya ndoa. Siku ulipoipata ulinipigia ukasema, "Bibi harusi ni mzuri. Na wewe ulikuwa umekaa wapi?" Nikacheka, nikidhani unanitania. Wewe hukucheka. Ukauliza tena, polepole, "Zaina, wewe uko wapi hapo?" Nilikujibu ovyo nikakata simu, kisha nikaenda sebuleni, ambako mama mkwe ameitundika picha hiyohiyo, kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu ya uongo. Nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Ngoja nikueleze siku yenyewe, kwa kuwa hukuweza kuja, na njia ya kutoka huko sote tunaijua. Ya msikitini ulishasimuliwa. Hii ilikuwa ndoa ya Leta, yaani ya serikali. Ofisi ya Leta ya mtaa wetu inakarabatiwa, basi kwa sasa wanafungisha ndoa katika chumba kimoja cha jumba la zamani la mahakama, lile la wakati wa Wabelgiji, lenye nguzo nene na ngazi pana. Watu wanalipenda sana kwa picha. Unakuta mabibi harusi wamejipanga kwenye ngazi, kila mmoja ameinua gauni lisiguse vumbi, na wapiga picha wanagombania nguzo. Babu zetu walipanda ngazi zile wakitetemeka. Sisi tunazipanda na maua ya plastiki mkononi.

Ndani, afisa wa Leta aliuliza kama mahari imepokelewa. Baba mdogo Ramazani akasimama badala ya marehemu baba, akasema imepokelewa na ukoo umeridhika. Kisha tukashika bendera kwa mkono mmoja na kuinua mwingine. Idrisa akaulizwa kama ananikubali. Akafungua mdomo, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya jogoo anayejifunza kuwika. Watu wa nyuma wakaitikia, "Haisikiki!" Mama, nilicheka. Nilicheka mbele ya serikali, mdomo wazi, na mwanya wangu wote nje, ule niliourithi kwako, nawe ukaurithi kwa mama yako. Hata afisa alicheka. Mpiga picha wetu, anaitwa Deo, akanipiga palepale, nikajua hiyo ndiyo picha nitakayokutumia.

Na ndiyo niliyokutumia, ila ilipitia kwanza kwenye kompyuta ya Deo. Ngozi ameipausha mpaka nimekuwa kama unga wa muhogo. Hilo nililiona tangu mwanzo, nikasema labda ni taa. Meno sikuyaona, maana nani anakaa kuyachunguza meno yake mwenyewe? Siku ile uliponiuliza niko wapi, ndipo nikaona. Ameuziba mwanya, Mama. Ameuziba kabisa, kama fundi anayeziba ufa. Mwanamke yule anacheka kicheko changu, ndani ya gauni langu, kando ya mume wangu, na mimi simjui.

Kesho yake asubuhi nikaenda mjini kumtafuta Deo. Nilimkuta kwenye ngazi zilezile, anamwinua kidevu bibi harusi wa mtu.

"Nirudishie mwanya wangu," nikamwambia, hata salamu sikumpa.

"Mama, miye sina kosa," akasema. "Babibi arusi bote banapendaka vile. Tunatengeneza ngozi, tunatengeneza meno."

"Nani alikuambia meno yangu yameharibika?"

Akaanza kufuta kioo cha kamera, na kioo chenyewe kilikuwa safi. "Nilituma foto mbili kwa bwana yako. Moja vile ulikuwa, ingine vile nilitengeneza. Njo yeye alichagua."

Nikamwomba ile ya kwanza. Ameshaifuta, eti mashine ilijaa. Nilirudi sehemu ya njia kwa miguu, kwa sababu nilijua nikikaa karibu na abiria yeyote nitamgombeza bure.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anachambua maharage chini ya picha yake. Nikamweleza. Akanitazama kama anayemtazama mtu anayelia baada ya kupewa zawadi. "Mwanangu, unalia nini? Angalia meno yako vile iko muzuri, mustari moja. Bantu bote banasifu." Nikamjibu kwamba wanamsifu kwa mkwe ambaye hana. Najua, Mama, hukunilea nimjibu mkwe hivyo. Lakini nilimjibu, na sijajuta bado.

Idrisa alipotoka gereji nilimwacha anawe, ale bukari yake ya unga wa mahindi ashibe, kwa maana wewe ulinifundisha kwamba mwenye njaa hagombezwi. Kisha nikamsimamisha mbele ya ukuta nikamwuliza kama ni yeye aliyemchagua yule.

"Zaina, ni foto tu," akasema. "Sikupenda bantu baseme bibi yangu iko na pengo."

Pengo. Mama, alisema pengo. Pengo ni la jino lililong'oka. Mwanya mtu anazaliwa nao, Mungu ameuacha pale makusudi. Na ni mwanamume huyuhuyu aliyekuwa anakuja mtaa wa Kasungami nilipokuwa nauza sombe kwa shangazi, ananunua mafungu ya majani ya muhogo ambayo hata hayapendi, eti mwanya wangu utamuua. Nikamwambia, "Mbele ya bendera ulimkubali nani, mimi au huyu? Kama ni huyu, mwambie akupikie kesho."

Mama yake aliacha maharage. Ndipo nikasema jambo nililokuwa nimekuwekea wewe ulisikie wa kwanza, unisamehe. Nina mimba, Mama. Nikamwambia Idrisa, "Mtoto huyu akija na mwanya, ataangalia ukuta wako aone mama yake hana. Ataniuliza ameutoa wapi. Atasikia baba yake anauita pengo. Nitamjibu nini?"

Idrisa akavuta kiti, akapanda, akaitoa picha mwenyewe, akaiegemeza nyuma ya kabati, uso ukutani. Mama yake akauliza, "Na bageni?" Akamwambia, "Bageni bataona Zaina mwenyewe. Iko hapa."

Hajaomba radhi kwa maneno, na mimi sijasamehe. Leo asubuhi alinitania makusudi ili nicheke, nikaziba mdomo kwa kitenge nikaondoka.

Msalimie kaka Sadiki, umwambie apunguze sauti ya simu yake. Msalimie dada yako anayenidai ukili wa mikeka, sijamsahau. Wasalimie jirani zetu waliokusaidia kuvuna, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha kuandika, umwambie nimeitumia kalamu kwa ugomvi. Baba mdogo Ramazani anakusalimu.

Sasa ombi langu. Pale ukutani umebaki msumari, na mama mkwe anauliza kila siku tutaweka nini. Mwambie Sadiki akupige picha. Usivae nguo ya sikukuu, na yeye asitengeneze kitu. Ucheke, Mama, meno yote yaonekane. Hiyo ndiyo nitakayoitundika, ili mtoto akifika nyumba hii akute mtu wake yuko.

Mwanao mwenye uso wako,
Zaina