Vigae Vyote Jina Moja

Jumatatu, 12 Machi 1906

Maneno matano leo. Bwana wa boma la Wajerumani anatunga kamusi ya maneno ya Athene, mji wa kale wa Wagiriki, kwa Kiswahili, eti shule zitakuja kuitumia. Kwao Udachi alikuwa mwalimu kabla ya kupewa bunduki. Yeye anaeleza, mimi natafuta neno la kwetu. Mkutano wa watu wote: baraza. Wazee wapanga mambo: madiwani. Neno raia limenichosha. Anasema raia ni mwenye haki ya kusimama barazani na kusema. Nikamwambia hapa bondeni raia ni yule anayelipa kodi na kuchapwa. Akacheka sana. Nimepata kibaba cha mchele cha ziada.

Mvua. Mto Lumemo umejaa.

Jumatano, 14 Machi

Kijiji kizima kinanichukia. Najua. Mwaka jana, vita vya maji vilipopamba moto, niliandika orodha ya nyumba za kuchomwa. Mimi ni karani, kazi ni kazi. Nisingeandika mimi, angeandika mwingine. Sasa wao wanachimba mizizi porini, mimi nakula wali. Na waone wivu.

Ligonja, kaka wa mke wangu Theresia, ndiye mvushaji wa hapa. Leo kanivusha bila hata salamu. Nyumba yake niliiruka kwenye orodha ile! Fadhila ya punda mateke.

Alhamisi, 15 Machi

Bwana anamtaka aliyegawa dawa ya maji hapa. Kila anayeulizwa hajui. Viboko vimeshindwa. Leo kapata wazo kutoka kwenye kamusi yetu. Wagiriki walipomchoka mtu, kila raia aliandika jina kwenye kigae. Mwenye vigae vingi alifukuzwa mjini miaka kumi. Basi Jumamosi wanaume wote watafanya hivyo, na atakayepatikana ataingia kwenye mnyororo mpaka pwani. Wa mnyororo hawarudi.

Kuandika hawajui. Kila mmoja atanitajia jina, nami nitaandika.

Bwana akanisimulia kisa. Mshamba mmoja alimpa kigae mtu mwadilifu bila kumfahamu, akamwomba amwandikie jina la mwadilifu huyo huyo, maana amechoka kusikia akisifiwa. Yule akaandika jina lake mwenyewe, akamrudishia. Nimecheka. Mjinga mkubwa!

Jumamosi, 17 Machi

Vigae havikukosekana. Askari walivunja vyungu vya kila nyumba mwaka jana. Nilikaa kibandani na msumari. Bwana alikaa mbali kidogo, ili siri iwe siri.

Wa kwanza Ligonja. Hakunong'ona. Kanikazia macho. "Andika karani. Wewe, shemeji."

Damu ikanichemka. Nikaandika LIGONJA.

Wa pili: karani. Wa tatu: karani. Mzee mmoja kibogoyo akanishika bega kwa upole kabisa. "Lako, mwanangu." Hapo hasira ikaisha, ikabaki hofu. Mkono ulishazoea herufi zile, nikaziacha ziendelee. Mpaka mtu wa mwisho. Hakuna hata mmoja aliyetaja jina jingine.

Bwana alivisoma vyote. Akasema kijiji hiki kina umoja kuliko Athene. Alipolitaja jina la Ligonja, wote walinigeukia mimi. Yule mzee akasimama, akapaza sauti kwa Kindamba: karani ni mwongo, sisi tumemtaja yeye. Bwana akaniuliza mzee anasema nini.

Nikamwambia: anasema umehukumu vema.

Ligonja alicheka. Cheko lile limeniganda masikioni.

Jumapili, 18 Machi

Wamempeleka asubuhi. Shingo sita, mnyororo mmoja, watano wametoka Lupiro. Mto umejaa na hakuna mwingine anayeuweza. Basi wakamfungua mikono tu, wakampa pondo, akawavusha wenzake na askari na yeye mwenyewe. Theresia alisimama majini mpaka kiunoni akimwita. Hakugeuka.

Nimesali. Sijutii. Ningekuwa mimi kwenye mtumbwi ule.

Naogopa kutoka nje.

Jumanne, 20 Machi

Maneno mawili tu. Bwana kaniuliza kama ninaumwa.

Theresia kaenda kuviokota vigae kwenye shimo la taka, kavipanga kizingitini, kimoja kimoja. Kusoma hajui. Lakini macho anayo, ameona alama ni zile zile kwenye vyote. Na ameshapita nyumba kwa nyumba kumuuliza kila mwanaume alitaja nani.

Jioni kaniletea wali wa Bwana. Kaupakua juu ya kigae, upande ulioandikwa. Akakaa mbele yangu, mikono magotini, akinisubiri nimalize. Nilikuwa na njaa. Nikala, na herufi zikawa zinatokea chini ya wali, moja moja, mpaka jina likaonekana lote.

Akakichukua kigae, akakiosha, akakirudisha kizingitini.