Ubeti Mlioruka

Mhezi, Same,
19 Agosti 1956

Mpendwa mdogo wangu Eliufoo,

Pokea salamu nyingi za dada yako Eliwaza. Hujambo na baridi ya huko Uingereza? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi tu wazima, ila mimi na goti langu hatuelewani tangu siku ya msaragambo, kijiji kizima tulipokwenda kuzoa tope kwenye ndiva ili maji ya mashamba yapate kujaa.

Barua yako imefika. Kurasa sita! Nikadhani umepata mchumba, kumbe unaeleza wimbo. Andrea ameisoma mara mbili, akaniuliza kama hiyo hospitali ya wagonjwa wa akili imekuajiri au imekulaza. Usikasirike, shemeji yako ndivyo alivyo.

Mimi nimekuelewa. Unasema daktari wenu anawafundisha kwamba mtu ana akili nyingine iliyojificha, mwenyewe hana habari nayo, na tuliyoyazika humo hutokea kwa mlango wa nyuma: katika ndoto, katika kusahau, katika wimbo unaojiimbia bila kufikiri. Ukauchambua ule wimbo wa treni, ambao santuri yake tuliinunua kwa Isihaka pale Same, tukaipiga mpaka ikakwaruza. Ukasema treni maana yake hiki, honi maana yake kile, na yule mpenzi wa dirishani si mpenzi kweli. Mengine niliyapita haraka maana watoto walikuwa karibu.

Mwishoni, kwa mistari miwili tu, ukauliza kama Baba bado ana hasira nawe, kwa sababu likizo inakaribia na hujui uje au usije. Hilo ndilo lililostahili kurasa sita, mdogo wangu.

Sasa nisikilize. Baba, mzee wa kanisa, anayeiita gramafoni yetu sanduku la kelele, anauimba wimbo huohuo akipogoa mibuni. Nimemsikia mwaka mzima. Huimba ubeti wa kwanza na wa pili, kisha hukohoa, akarukia wa nne. Nilidhani ni uzee. Halafu nikahesabu beti ulizoninakilia wewe kwa kichwa: wa kwanza, wa pili, wa nne. Na wewe ndiye uliyeandika kwamba mtu hasahau bure! Mnaouruka nyote wawili ni huu:

Mama yuko wapi, mbona simwoni,
nani atanifungia chakula cha njiani.

Nililia, sitakuficha. Siku tisa baada ya kumzika Mama ulipanda treni, na Baba alikwambia uende zako, usimuage. Tangu siku hiyo hajalitaja jina lako. Miaka mitatu nimeamini ni hasira.

Jumapili iliyopita baada ya ibada niliweka santuri, nikaiacha ifike kwenye ubeti huo. Baba akainuka, akatoka. Nikamfuata mpaka kwenye mibuni nikamwuliza waziwazi kama bado amekukasirikia. Akasema, "Mwanangu, siku ile nami nilikuwapo stesheni."

Alikuwapo, Eliufoo. Alichoma viazi kwa mikono yake, akavifunga katika jani la mgomba, kwa kuwa Mama wa kukufungia hayupo. Akashuka mlima kwa miguu mpaka Same, akasimama nyuma ya banda la mizigo. Alikuona. Alitaka kuja kukupa, lakini aliona haya kwa maneno aliyokwambia. Treni ikaondoka, naye akapanda mlima na kifurushi chake mkononi.

Basi uje. Daktari wenu ana elimu yake na siidharau, imenisaidia kuona, lakini Baba alikuwa wa kuulizwa tu, nasi sote tuliogopa kumwuliza. Andika tarehe mapema.

Andrea anakusalimu, na utani wake wote. Shangazi Priska anakusalimu, anauliza kama huko kuna ndizi. Zipora mwanangu sasa anasoma darasa la pili, amekuchorea meli ila ameisahau shuleni. Mungu akufunike huko ugenini na akurudishe mzima.

Na Baba anakusalimu. Zile salamu zake katika barua zangu zote zilizotangulia nilizitunga mimi, unisamehe. Hizi ni zake.

Dada yako akupendaye siku zote,
Eliwaza